Friji la joto: mkaa, methanoli na hewa isiyotakiwa (shajara ya mradi)

Siku ya 1

Haya, naanza. Wazo la kutengeneza barafu kwa joto badala ya umeme ninalo muda mrefu sana, yaani unachemsha upande mmoja halafu upande wa pili unaganda, na kila nikimweleza mtu ananitazama kama nimemwambia nakausha nguo kwa kuzimwagia maji. Ila sio uchawi na wala sio jipya. Michael Faraday miaka ya 1820 alichukua bomba la kioo lililopindwa, upande mmoja akaweka kloridi ya fedha iliyoshiba amonia, akaupasha moto na upande wa pili akaupoza, amonia ikatoka ikaenda kuwa kimiminika kule kwenye baridi. Alipoacha kupasha ile amonia ikaanza kuchemka yenyewe kurudi ilikotoka, na pale ilipokuwa inachemkia pakawa baridi kweli kweli. Ndo friji lenyewe hilo, ndani ya bomba moja.

Halafu mwaka 1859 Ferdinand Carré kule Ufaransa akaja na mashine ya barafu ya amonia na maji, na miaka ya 1920 Marekani kulikuwa na kitu kinaitwa Icyball, mipira miwili ya chuma imeunganishwa na bomba, mmoja unaupasha kwenye jiko la mafuta ya taa kama saa moja na nusu, ukimaliza ule wa pili unauingiza kwenye sanduku unapoza vitu siku nzima. Hakuna injini, hakuna waya. Hiyo picha ya mipira miwili ndo iliyonikaa kichwani.

Yangu itakuwa ndugu yake, ila bila amonia na bila jiko la moto. Friji la kawaida lina kompresa na kompresa kazi yake ni moja tu ukiiangalia vizuri, kuvuta mvuke kutoka upande wa baridi na kuusukuma upande wa joto. Mimi kazi hiyo nampa mkaa amilifu, ule wa kwenye vichujio vya maji. Gramu moja ya huo mkaa ina vitundu vingi mno, ukikunjua eneo lake la ndani unaweza kufika mita za mraba 1,000. Ukiwa baridi unanyonya mvuke kwa pupa, ukiupasha unautema. Mchana unautema, usiku unanyonya. Kompresa inayopumua mara moja kwa siku, basi.

Siku ya 3

Leo kutwa nzima nimebishana na nafsi yangu kuhusu gesi.

Zile za mafriji tulizozizoea nimezitoa mapema. R134a haiharibu tabaka la ozoni, sawa, lakini kilo moja ikitoroka inapasha dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa hesabu ya miaka 100, na ndo maana Marekebisho ya Kigali ya 2016, makubaliano ya kimataifa, yakaziingiza gesi za ukoo huo kwenye orodha ya kupunguzwa. Mashine ya mtu anayejifunza kuchomelea itavuja, hilo nalijua tangu sasa, kwa hiyo nataka kitu ambacho kikivuja kinaniumiza mimi tu, kisiumize na wengine.

Zikabaki nne. Amonia: kwa hali ya hewa iko sifuri, inapoza vizuri sana, ila kwa nyuzi 40 presha yake inapita bari 15, inakula shaba, na ikikupata usoni huna hamu tena na mradi. Baniani mbaya kiatu chake dawa, lakini hiki kiatu sikivai leo. Isobutani: safi kabisa, iko kwenye mafriji mengi mapya ya nyumbani, tatizo inashika moto ikifika asilimia 1.8 tu hewani na ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inajikusanya chini inakusubiri. Halafu kuifanyia kazi kwa joto kungenilazimu nitengeneze ejekta, kifaa kinachovuta mvuke kwa mkondo wa mvuke wenye kasi, na pua ya ejekta inataka mashine ya kukereza ambayo sina. Maji: rafiki wa kila mtu, bei ya bure, ila yanaganda kwa 0 na mimi nataka barafu, maji yenyewe yakiwa ndo kipozi yataganda ndani ya bomba lake kabla ya yale ya kwenye trei.

Nimebaki na methanoli. Inaganda chini kabisa huko nyuzi 97 chini ya sifuri, kilo moja ikigeuka mvuke inabeba joto kama kilojuli 1,100 hadi 1,200, mkaa unaipenda, ikitoroka haimalizi hata mwezi hewani. Ubaya wake upo na ni wa kweli. Ni sumu, vijiko vichache tu vinapofua macho, na ikishika moto mchana mwali wake huuoni. Na inafanya kazi kwenye vakyumu, presha iko chini ya hewa ya nje muda wote. Hilo la mwisho mimi nikaliona faida, nikasema afadhali, ikipata tundu haitoki, hewa ndo inaingia.

Nimeiacha hiyo sentensi hapo juu kama nilivyoiandika siku ile. Mtaona mbele.

Siku ya 4

Hesabu fupi. Nataka kugandisha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 24. Kuyapoza mpaka 0 ni kilojuli 101, kuyagandisha ni 334, jumla 435. Ongeza chuma cha ivaporeta, yaani boksi la baridi ambamo methanoli inageuka mvuke, na joto litakalopenya, nikaweka mara moja na nusu, kama 650. Kwa methanoli hiyo ni karibu kilo 0.6 inayotakiwa kwenda na kurudi kila siku. Mkaa ukizungushwa kati ya nyuzi 30 na 90 unatoa kama gramu 100 hadi 120 kwa kila kilo, kwa hiyo nataka mkaa kilo 6 hivi. Methanoli ya kuweka ndani kilo 1.5, maana nyingine inabaki mkaani haitoki kamwe kwa joto langu. Kwa kulinganisha tu, kilo 1.5 za R134a zikitoka zote ni tani 2 na zaidi za kaboni dioksidi.

Siku ya 11

Chuma kimekamilika. Mabomba manne ya chuma kipenyo sentimita 10, kila moja katikati lina bomba jembamba la wavu la kupitisha mvuke, mkaa unakaa kati ya wavu na ukuta, nje kuna koti la maji. Juu mabomba ya mkaa, katikati kondensa, pale mvuke unaporudi kuwa kimiminika, ambayo ni koili ya shaba ndani ya ndoo ya maji, chini ivaporeta, boksi la chuma cha pua lenye nafasi ya trei. Vimepangwa hivyo ili methanoli ishuke yenyewe kwa uzito wake, sina pampu ndani ya mzunguko. Alumini nimeikataa kila mahali kwa sababu methanoli inaila.

Kuchomelea ile mishono mirefu nilimpa fundi, mimi nikafanya midogo. Alipomaliza akagonga bomba na nyundo akaniuliza, "Bosi, hili linabeba presha kiasi gani?" Nikamwambia halibebi, ndani hakuna kitu, ni vakyumu. Akacheka, "Kama hakuna kitu si hata lingekuwa na tundu?" Tukacheka wote wawili. Sasa hivi sicheki.

Mkaa umeingia kilo 5.8. Kabla ya hapo nimeuosha vumbi, nimeukausha kwenye oveni nyuzi 120 saa nne, vumbi lake linaingia mpaka kwenye kope, vaa barakoa tu usijifanye shujaa.

Siku ya 15

Nimejaza hewa ya bari 2 nikapaka povu la sabuni kila mshono. Vitundu viwili, vyote kwenye mishono yangu, hakuna hata kimoja cha fundi. Nimerudia kuchomelea, povu halijatoka tena, nikafunga pampu ya vakyumu, geji ikashuka mpaka milibari 4. Kumbuka hewa tunayovuta ni kama milibari 1013. Nikafunga valvu nikaenda kulala roho safi.

Siku ya 16

Asubuhi geji: 21.

Siku ya 17

Bado nahangaika na hiyo 21. Nimepiga pampu tena mpaka 4, nikakaa nayo nikiandika namba kila robo saa, kazi ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kufanya, na nikachora grafu. Ikapanda haraka mwanzoni, 9, 14, 18, halafu ikaanza kuchoka, 20, 21, ikasimama kwenye 22.

Hapo ndo nimejifunza kitu cha maana kuliko vyote kwenye mradi huu mpaka sasa. Tundu halichoki. Tofauti kati ya milibari 20 na 1013 ni kubwa mno, kwa hiyo kama hewa inaingia kutoka nje inaingia kwa mwendo ule ule saa zote na grafu inakuwa mstari ulionyooka. Ikipinda na kusimama maana yake kuna kitu ndani kinachogeuka mvuke mpaka kinashiba. Na maji kwenye nyuzi 20 yanashiba kwenye milibari 23. Chumba changu kilikuwa nyuzi 19 na kitu. Kumbe ni maji! Nilipoiosha ivaporeta yalibaki kwenye kona ya bomba la chini, nimeipasha kona ile kwa bunduki ya hewa moto huku pampu inavuta na ndani ya dakika kumi geji ikadondoka kama jiwe.

Siku ya 18

Grafu mpya. Mstari umenyooka kama rula. Milibari 3 kwa saa. Hili sasa ni tundu.

Siku ya 23

Siku tano. Naziandika kwa mkupuo mmoja maana moja moja zinatia aibu.

Kwanza, tundu la milibari 3 kwa saa kwenye mashine ya lita 25 hivi ni dogo sana, povu la sabuni kwa bari 2 halikulionyesha kabisa. Na je kwani ni tatizo, milibari 3? Ni tatizo. Nikitaka ivaporeta ifike nyuzi 5 chini ya sifuri, mvuke wa methanoli pale una presha ya milibari 29 tu. Usiku mmoja wa saa kumi unaniingizia milibari 30 za hewa. Yaani asubuhi nusu ya kilichomo ndani ni hewa, na mvuke wa methanoli unatakiwa kujipenyeza katikati ya hiyo hewa kufika kwenye mkaa, badala ya kukimbia unatambaa. Mkaa una njaa, chakula kipo, njia imezibwa.

Nimegawanya mashine vipande kwa kuziba na sahani za chuma na oringi (pete za mpira). Mabomba ya mkaa: yako sawa. Kondensa: iko sawa. Ivaporeta: iko sawa. Nikiviunganisha vyote, mstari ule ule milibari 3. Siku mbili nimeshika tama. Nilishaanza kuchukia hata neno friji.

Ni valvu. Nilikuwa nimetumia valvu za kawaida za mabomba ya maji, zile za kuzungusha, na kila nilipojaribu kipande kimoja kimoja valvu nilikuwa nimeitoa nikaweka sahani! Valvu ya maji pale shina linapotokea ina paking, yaani kizibo laini kinachozunguka shina, na ile paking imetengenezwa ili presha ya ndani iisukume ijibane vizuri zaidi. Ukiweka vakyumu ndani mambo yanageuka, hewa ya nje inaisukuma ijiachie. Valvu nzuri kabisa kwa kazi yake, kwa kazi yangu ni dirisha. Nilipoijaza bari 2 kupima na povu nikawa naisaidia kuziba. Kwa hiyo kile kipimo changu cha siku ya 15 kilikuwa kinaficha ugonjwa badala ya kuutafuta.

Nimezitoa zote tatu. Mbili nimeziondoa moja kwa moja nikachomelea bomba, moja kati ya mkaa na ivaporeta lazima ibaki, nimeweka valvu ya kazi ya vakyumu, ghali kuliko mabomba yote manne. Geji sasa inapanda chini ya milibari 1 kwa siku nzima. Nimekubali.

Siku ya 27

Methanoli imeingia. Nimefanyia nje, glavu za mpira, miwani ya kufunika macho yote, hakuna kitu chenye moto karibu, mtungi wa kuzimia moto pembeni. Vakyumu inaivuta yenyewe kupitia mpira mwembamba, unachofanya ni kuangalia tu mpira usifike mwisho wa chupa ukanyonya hewa.

Nilipofungua ile valvu iliyobaki ili mvuke ufike kwenye mkaa, nikaweka mkono kwenye bomba. Lilikuwa nyuzi 24. Baada ya dakika nne halikuwa la kushikika kwa raha, sensa ya ndani inasoma 56. Hakuna hita, hakuna jua, ni mkaa tu unanyonya na kutoa joto, joto lile lile nitakalotakiwa kuurudishia ili uiteme. Na ivaporeta chini ikaanza kutoa jasho kwa nje. Nilikaa pale chini nikiiangalia kama mtoto. Hesabu ni hesabu, lakini kulishika bomba kwa mkono ni habari nyingine.

Siku ya 28

Mzunguko wa kwanza. Maji ya moto yanatoka kwenye tangi lenye hita ya umeme, najua mtacheka, friji la joto linachomekwa ukutani, ila kwa sasa nataka mita inionyeshe nimeingiza joto kiasi gani bila kubahatisha, mirija ya kupasha maji kwa jua itakuja baadaye.

Maji nyuzi 90, mkaa ukafika 86, nikasubiri saa tatu nzima. Kwenye kioo cha kuchungulia chini ya kondensa kimeingia mililita 90. Nilitegemea 700 na zaidi.

Nikaangalia maji ya kondensa, nyuzi 29, poa. Mkaa wa moto. Kila kitu kinafanya kazi yake ila hakuna kinachotoka. Halafu ndo nikaangalia geji: 310.

Jedwali la methanoli linasema kwa nyuzi 29 presha inatakiwa kuwa kama 208. Ikiwa 310, milibari 100 na kitu hapo sio za methanoli. Ni hewa tena! Safari hii haikuvujia, niliileta mwenyewe. Ilikuwa imeyeyuka ndani ya methanoli, ilikuwa kwenye mpira wa kujazia, na nyingine ilikuwa imeng'ang'ania kwenye mkaa, nilipoupasha ikatoka. Mvuke unapokwenda kondensa unaisukuma hewa yote mbele yake, mvuke unageuka kimiminika, hewa haiwezi, inabaki pale pale imejazana kwenye koili kama watu mlangoni. Mvuke unaofuata haupati ukuta wa baridi wa kugusa.

Siku ya 29

Nimeitapisha. Unapasha mkaa mpaka mwisho, kondensa baridi iwezekanavyo, unasubiri hewa ijikusanye juu ya koili, unafungua tundu dogo la juu kabisa kuelekea pampu kwa sekunde chache, unafunga. Katikati nimeweka chupa kwenye barafu ya kununua (ndio, nimenunua barafu) ili mvuke wa methanoli unasie pale usiende kwenye mafuta ya pampu, na moshi wa pampu unatoka nje kwa mpira. Mara ya kwanza 310 ikashuka 255. Ya pili 222. Ya tatu 211, nikaacha, maana ukizidisha unatoa methanoli yenyewe.

Lile jedwali la joto na presha nimeliprinti nikalibandika ukutani. Sasa kila kitu nauliza pale kwanza. Geji ikiwa juu ya jedwali kuna mgeni ndani, ikilingana tuko wenyewe.

Siku ya 31

Mililita 430. Kwenye kioo unaona matone yanakimbizana. Jioni nikafungua valvu na ivaporeta ikaanza kushuka 20, 15, 9, na kwenye 4 ikagoma. Saa mbili nzima kwenye 4.

Sensa zikaniambia kwa nini. Ukuta wa bomba la mkaa nyuzi 30, katikati karibu na wavu bado 58. Mkaa wa chenga unapitisha joto vibaya mno, ni kama godoro. Joto la kunyonya linazalishwa katikati na halina pa kutokea, mkaa wa moto haunyonyi, kwisha.

Dawa ya uvivu kwanza: kuupa usiku kucha.

Siku ya 38

Valvu imefunguliwa saa moja jioni, maji ya kawaida yanazunguka kwenye koti, nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi ivaporeta inasoma nyuzi 6 chini ya sifuri. Nikavuta trei, haikutoka. Imeganda! Imeshikwa na barafu kwenye ukuta wa boksi.

Gramu 310 za barafu, zilizobaki ni maji ya baridi kabisa. Nimezipima mara mbili. Nimeonja kipande, kina ladha ya trei.

Hesabu yenyewe haina sherehe sana. Lita 1 kuifikisha 0 ni kilojuli 101, barafu gramu 310 ni 104, jumla 205. Hita imekula kilowati-saa 0.81, yaani kilojuli 2,900 hivi. 0.07. Kwa kila joto 100 nililoingiza nimepata baridi 7. Nyingi zimeishia kupasha chuma cha mabomba, kila siku napasha chuma kilo nyingi halafu nakipoza, kazi ya bure.

Siku ya 45

Nimefungua mabomba. Sikutaka, ila zile nyuzi 58 zilikuwa zinanikera. Nimemwaga mkaa, nikakata wavu wa shaba vipande vya mviringo, nimevipanga kila sentimita mbili vikigusa ukuta wa nje, mkaa katikati yao. Shaba kwa joto lisilozidi 100 naona sawa, ningekuwa naenda 130 na kuendelea nisingethubutu, methanoli yenyewe ikiwa na joto kubwa kwenye mkaa inaanza kuvunjika na kutoa gesi nyingine na hapo unaanza upya na hewa isiyo hewa.

Na kwa kuwa nilifungua, imebidi kila kitu kirudiwe. Kukausha, povu, grafu ya robo saa, kujaza, kutapisha mara tatu. Safari hii siku nne badala ya kumi na mbili. Mkaa umeingia kilo 5.3 tu, shaba imechukua nafasi.

Siku ya 52

Mkaa pungufu, barafu zaidi. Mililita 620 kwenye kioo, katikati ya mkaa sasa iko nyuzi 5 tu juu ya ukuta baada ya saa mbili, barafu gramu 640. Kilojuli 315 kwa 2,700 zilizoingia, karibu 0.12. Mashine za aina hii zikiendeshwa na jua huwa zinacheza kwenye 0.1 hadi 0.15, kwa hiyo nimeingia uwanjani, hata kama nimekaa karibu na mlango.

Kuna anayeniuliza mbona friji la kompresa linatoa baridi mara mbili ya umeme linaokula na wewe unashangilia 0.12. Joto la nyuzi 90 na umeme sio kitu kimoja. Joto hilo jua linalimwaga bure, na viwanda vinalimwaga kwenye mito na hewani kwa kukosa pa kulipeleka. Ila nakubali, kama una umeme wa uhakika nunua friji la isobutani ulale.

Siku ya 58

Mirija ya jua imefungwa, hita nimeichomoa. Siku ya kwanza mawingu, maji yakafika 74, methanoli mililita 260, barafu hakuna. Ya pili jua kali, maji 93, barafu gramu 590. Kati ya 74 na 93 hakuna tofauti kubwa ukiitazama, kwa mkaa ni usiku na mchana, kwenye nyuzi 65 na kitu ndo kwanza unaanza kutema, zote za kabla ya hapo ni nauli.

Valvu bado nafungua na kufunga kwa mkono. Juzi nilisahau kuifunga asubuhi, mkaa ulipopashwa mvuke ukaenda moja kwa moja kwenye ivaporeta ukaipasha, barafu ya usiku mzima ikawa uji. Nimeandika ukutani kwa herufi kubwa FUNGA chini ya jedwali.

Siku ya 61

Leo mchana kondensa nyuzi 31, jedwali linasema 229, geji inasema 246. Jana ilikuwa 238, kondensa ikiwa nyuzi 31 hizo hizo. Barafu ya usiku gramu 540.

Milibari 8 kwa siku. Sio nyingi, lakini nimeshaijua hii njia inapoelekea. Mshono wa juu wa kondensa nilipounganisha shaba na chuma ndo wa mwisho niliougusa. Kesho kabla ya jua naufunga na sahani naanza na robo saa.